Mume yuko mjini, shamba lamsubiri nani?

Mvua ya masika inapoanza Machi huko Vihiga, Kakamega na Siaya, magharibi mwa Kenya, anayeshika jembe mara nyingi ni mwanamke. Mumewe yuko Nairobi au Mombasa akitafuta riziki kwa kazi ya ulinzi, mjengo au biashara ndogo ndogo.

Mtindo huu haukuanza jana. Serikali ya kikoloni ilipotoza kodi ya kibanda mwanzoni mwa karne ya 20, wanaume walilazimika kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi na mijini. Kuanzia 1920 walitembea na kipande shingoni. Mashamba yakabaki mikononi mwa wake zao.

Zamani pesa za nyumbani zilichukua siku kadhaa kufika. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, zinafika kwa dakika chache. Utafiti wa wachumi Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa 2016, ulikadiria kuwa huduma hiyo iliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini.

Hata hivyo, pesa hufika haraka kuliko uamuzi. Mke ndiye anayeona mahindi yamefika magotini na yanahitaji mbolea ya kukuzia, lakini mara nyingi husubiri mume aseme kama pesa alizotuma ni za mbolea, karo au matanga. Siku zikipita, mavuno yanapungua. Akitaka mkopo, hatimiliki ina jina la mume au la baba mkwe.

Mume naye ana mzigo wake. Mshahara mmoja unalipa kodi ya chumba mjini na kulisha jamaa wa nyumbani. Mwezi asipotuma, husemwa kwamba amepotelea mjini.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi ya shambani kuwa mchango katika mali ya familia, sawa na fedha zinavyotambuliwa. Lakini sheria haipandi mahindi. Kinachosaidia ni mume na mke kukaa pamoja kabla ya msimu, pengine wakati wa likizo ya Krismasi, na kuhesabu gharama za mbegu, mbolea na vibarua wa palizi.

Pesa hizo zitengwe mapema, na aliye shambani awe na idhini ya kuzitumia bila kusubiri simu kutoka mjini.