Jina la babu kwa sikio la karani

Nilipokuwa masomoni Uingereza, mwenyeji wangu, mjukuu wa vibarua wa mashambani, aliniomba nimsaidie kuwasaka mababu zake. Tulianza na sensa ya 1851, ya kwanza kutaja parokia alikozaliwa mtu. Kutoka hapo tukarudi nyuma kwenye madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi, ambayo Thomas Cromwell aliagiza mwaka 1538 kwamba kila parokia iwe nayo.

Ghafla ukoo ukatoweka. Jina Harris halikuonekana tena. Je, walihama? Walikufa wote? Mzee wa watu akafunga daftari, uso umemsawijika.

Kumbe tatizo lilikuwa la matamshi! Katika lahaja nyingi za mashambani Uingereza, sauti /h/ ya mwanzo wa neno hudondoshwa. Kibarua alitaja jina lake, naye kasisi au karani akaandika alichosikia: Arris. Nani angemsahihisha? Sheria iliyoanza kutekelezwa 1754 iliwataka maharusi watie sahihi, na wasiojua kuandika wakachora X. Babu huyu naye alichora X.

Tulipofungua herufi A, hao! Baba, mama na watoto wao.

Hivyo basi, msomaji wangu, anayesaka ukoo katika madaftari ya kale asitegemee macho pekee. Alitamke jina kama lilivyotamkwa kijijini, kisha ajiulize karani angeliandikaje. Maskini wengi hawakuandika majina yao wenyewe, waliandikiwa.