Chanjo Si ya Watoto Peke Yao

Baridi ya Mgeta mwezi wa Julai waijua. Ukungu hushuka, na mzee aliyekuwa akilima kabichi jana leo amejikunyata kando ya moto, ameshika ubavu. Watu wa nyumbani husema, “Ni baridi tu, itapita.” Siku ya nne humchukua kwa machela kushuka mlima, na mara nyingine huwa wamechelewa. Kumbe ni kichomi, ndiyo nimonia.

Katika nyumba hiyo hiyo yumo mjukuu ambaye kadi yake ya kliniki ina alama za PCV tatu. Hiyo ndiyo chanjo ya nimonia, ambayo watoto wa Tanzania hupewa tangu Januari 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama yake hakukosa hata siku moja. Lakini mwulize babu, atacheka: “Chanjo ni mambo ya watoto!”

Sivyo. Chanjo ya kichomi ilijaribiwa kwa watu wazima zamani sana. Mwaka 1911 daktari Almroth Wright aliwachoma wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, maana kichomi kiliwaua wengi. Hakufaulu sana. Majaribio mengine katika migodi ya huko huko, miaka ya 1970, yalifaulu, na mwaka 1977 Marekani ikairuhusu chanjo ya watu wazima.

Basi, mtu mzima hukubali chanjo kwa sababu gani? Tukumbuke Korona. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, Dar es Salaam. Wengi waliona, hata hivyo wengi walisita. Uvumi ulikuwa mwingi, na hospitali zilikuwa mbali. Baadaye wauguzi walitoka na chanjo kwenda vijijini, sokoni na nyumba kwa nyumba, na viongozi wa vijiji na wa dini wakasema na watu wao. Mwaka 2022 idadi ya waliochanjwa ikapanda sana.

Twaona nini hapo? Mtu hatembei nusu siku milimani kufuata asichokiamini. Hukubali chanjo ikiwa karibu, na akiambiwa na mtu anayemwamini. Tena wachunguzi wa nchi nyingi wameona kwamba neno la mganga au mwuguzi anayemtibu humvuta kuliko matangazo. Na kwetu Uluguru, neno la mjomba lina uzito wake.

Chanjo ya nimonia ya watu wazima haimo katika mpango wa kawaida wa zahanati zetu. Lakini wewe mwenye umri mkubwa, au mwenye sukari, moyo au sikoseli, mwulize daktari siku ya kliniki: “Je, mimi yanifaa? Yapatikana wapi?” Ukiambiwa haipo, usikate tamaa. Mtoto aliyechanjwa hawaambukizi wazee kwa urahisi. Kadi yake ni ngao ya babu pia.

Wala chanjo haizuii kila kichomi. Ukiona homa, kifua kinachoma na pumzi ni za mbio, usingoje siku ya nne.

Wewe mjomba, leo jioni anza wewe kusema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.