Ustahiki wa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza katika Mafunzo ya Utafiti wa Historia Asilia: Uchunguzi wa Masharti ya Ruzuku nchini Marekani

Kila mwaka, katika majira ya joto, makumbusho makubwa ya historia asilia nchini Marekani hupokea wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza na kuwakabidhi kazi halisi ya kitaaluma: kupima mafuvu ya panya, kutambua konokono, kusafisha visukuku, kulinganisha DNA ya mimea. Mafunzo hayo kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 10, na mwanafunzi hulipwa posho. Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia ya Smithsonian, yaliyopo Washington, na Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, yaliyopo New York, ni miongoni mwa taasisi zilizoendesha mafunzo ya aina hiyo kwa ruzuku ya Wakfu wa Taifa wa Sayansi, ambao mpango wake wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti ulianza mwaka 1987. Makala haya yanachunguza nani anastahiki kuomba nafasi hizo, na sharti lenyewe limetokana na nini.

Ni vyema kutofautisha tangu mwanzo kati ya ustahiki na ubora. Alama za darasani, barua za wahadhiri na maelezo binafsi ya mwombaji hupimwa baadaye, na hupimwa kwa wale tu waliokwisha kuvuka kizingiti cha ustahiki. Kizingiti hicho hakiulizi mwombaji anajua nini. Huuliza kama ameandikishwa chuoni, na ana hadhi gani kisheria.

Kuhusu uandikishaji, Wakfu humtambua mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuwa ni yule aliyesajiliwa, kwa muda wote au kwa muda wa ziada, katika programu inayoelekea shahada ya kwanza au shahada ndogo ya vyuo vya miaka miwili. Mhitimu wa sekondari aliyekwisha kukubaliwa chuoni ingawa hajaanza masomo anaweza kuingizwa. Hali kadhalika anayehama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, hata kama majira hayo ya joto yamemkuta hana usajili popote. Aliyekwisha kutunukiwa shahada, na ambaye si mwanafunzi tena wa ngazi hiyo, kwa jumla hastahiki. Kwa hiyo anayehitimu mwezi Mei hukosa nafasi ya mwezi Juni ambayo angeipata kama angebakiza somo moja. Matokeo haya yanaweza kuonekana ya ajabu, lakini yana mantiki yake: fedha hizi zimekusudiwa kumvuta mwanafunzi kabla hajaamua njia ya maisha. Kwa sababu hiyohiyo, taasisi inayopewa ruzuku hutakiwa kuchukua sehemu kubwa ya washiriki kutoka vyuo vingine, hususani vile ambavyo fursa za utafiti ni haba.

Sharti la hadhi ya kisheria ndilo zito zaidi. Mshiriki anayelipiwa na Wakfu lazima awe raia wa Marekani, au mwenye utaifa wa Marekani pasipo uraia kamili, kama walivyo wengi wa wazaliwa wa Samoa ya Marekani, au mkaazi wa kudumu. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania anayesoma huko kwa viza ya masomo hayumo, hata akiongoza darasa lake. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepewa makazi Marekani hayumo pia mpaka apate ukaazi wa kudumu, ambao sheria humruhusu kuuomba baada ya mwaka mmoja nchini humo. Baada ya hapo, yeye na mzaliwa wa Washington wako sawa mbele ya kipengele hiki. Lugha ya nyumbani na mahali pa kuzaliwa havihesabiwi.

Uzito wa sharti hili kwa Afrika Mashariki unaonekana katika makabati ya makumbusho yenyewe. Mwezi Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani, aliteremka Mombasa akiongoza msafara wa Smithsonian pamoja na mwanawe na wataalamu watatu wa viumbe. Kwa msaada wa wapagazi zaidi ya 200, msafara huo ulikusanya maelfu ya vielelezo katika nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda, kisha ukaelekea Kongo na Sudani. Jengo jipya la makumbusho lilifunguliwa Washington mwaka 1910, na shehena hiyo ikapata humo nafasi yake. Mmoja wa wataalamu hao, Edmund Heller, alizipa majina spishi kadhaa kwa kutumia vielelezo vya safari hiyo. Mtafiti anayetaka kuthibitisha utambulisho wa mnyama mdogo wa nyanda za juu za Kenya huenda akalazimika kurejea kielelezo kilichohifadhiwa Washington, kile ambacho jina la spishi limefungamanishwa nacho. Mwanafunzi wa Nairobi ana hoja ya kisayansi ya kukifikia. Hana hadhi ambayo ruzuku inaitaka.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kulisoma sharti hili kama amri ya makumbusho. Limefungamanishwa na chanzo cha fedha. Wakfu hauzuii taasisi kumjumuisha mwanafunzi wa kigeni katika kundi lilelile, mradi gharama zake zilipwe kutoka mfuko mwingine. Anayesoma tangazo la mafunzo hana budi basi kutafuta kwanza ni nani anayelipa posho, kabla ya kutazama orodha ya sifa. Matangazo mengi hutaja uraia katika mstari mmoja na mfadhili katika mstari mwingine wa mbali, na mwombaji wa kigeni akiuona wa kwanza hufunga ukurasa. Barua kwa mratibu, yenye jina la mfadhili mbadala au la mtunza mkusanyo aliye tayari kumsimamia, ni ombi la aina nyingine kabisa. Kipengele cha uraia katika ruzuku ya Wakfu hakiligusi.