UFAFANUZI KUHUSU UNUNUZI WA FLETI ZA KALE MJINI NEW YORK

Tangazo la kuuzwa fleti ya vyumba viwili vya kulala, iliyojengwa kabla ya vita, karibu na bustani, ni jambo la kawaida katika mji wa New York, Marekani. Maneno hayo ni machache, lakini maana yake ni pana. Inampasa kila mwenye nia ya kununua, au anayemchangia jamaa yake aliyeko huko, kuyafahamu kabla ya kutoa arbuni.

Vita vinavyokusudiwa ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilivyoanza mwaka 1939. Majengo ya kabla ya hapo husifika kwa dari za juu, kuta nene na sakafu za mbao. Bustani inayotajwa mara nyingi ni Central Park, yenye ekari 843, ama Prospect Park iliyopo Brooklyn. Zote mbili zilibuniwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux katika karne ya 19, na ujirani wake hupandisha bei.

Ifahamike kwamba nyingi ya fleti hizo haziuzwi kama nyumba. Jengo zima ni mali ya kampuni ya wakaazi. Mnunuzi hununua hisa za kampuni hiyo, na kwa hisa hizo hupewa mkataba wa kukaa katika fleti. Kutokana na utaratibu huo, mambo matatu huzingatiwa:

(a) Bodi ya wakaazi humhoji mnunuzi na kukagua mapato yake. Inaweza kumkataa bila ya kutoa sababu, ilimradi haikuvunja sheria zinazokataza ubaguzi.

(b) Mwenye hisa hulipa ada kila mwezi kwa ajili ya kodi ya jengo, mishahara ya watumishi, matengenezo na deni la kampuni. Fleti ya bei nafuu yenye ada kubwa yaweza kuwa ghali.

(c) Kwa kawaida haruhusiwi kuipangisha fleti bila ya idhini ya bodi.

Aidha, ukongwe wa jengo una gharama zake. Rangi yenye madini ya risasi, ambayo huwadhuru watoto, ilipigwa marufuku majumbani mjini humo mwaka 1960, na Marekani nzima mwaka 1978. Muuzaji wa nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 analazimika kisheria kueleza anayoyajua kuhusu rangi hiyo. Vilevile, kuta za nje za majengo yanayozidi ghorofa sita hukaguliwa kila baada ya muda uliowekwa na sheria, na gharama za ukarabati huwaangukia wenye hisa.

Kuhusu arbuni, desturi ni asilimia 10 ya bei, nayo huwekwa kwa wakili wa muuzaji. Mnunuzi akikataliwa na bodi hali ametimiza masharti yake, kwa kawaida hurejeshewa. Akiuvunja mkataba kwa hiari yake, anaweza kuipoteza yote, nayo huenda ni akiba ya miaka mingi.

Hivyo basi, inasisitizwa kwamba kabla ya kutia saini, mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, asiyekuwa wa muuzaji wala wa dalali, ili asome hesabu za kampuni na kumbukumbu za vikao vya bodi. Humo ndimo hali halisi ya jengo hubainika.