Mwalimu Aliyechekwa Wete

Nilitoka kwetu Mombasa nikaenda Pemba kujifunza kusomesha Kiingereza kwa kujitolea, nikapewa chumba katika nyumba ya mama mmoja wa Wete. Asubuhi nilikuwa mwanafunzi wa ualimu. Jioni nilikuwa mwana wa nyumba, nikisaidia kuanua karafuu majamvini kabla ya Magharibi.

Mafunzoni tulikatazwa Kiswahili darasani. Nami, kwa ujinga wa mwanagenzi, nikaipeleka amri hiyo nyumbani. Binti wa mama alikuwa darasa la tano, ambako sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hesabu zisomeshwe kwa Kiingereza. Saba mara nane aliijua. Kuitamka ndiko kulikomshinda. Kila akikosea nilimsahihisha mbele ya nduguze. Siku ya tatu akanyamaza kabisa.

Usiku mmoja, tukila, wakaangua kicheko. Nikauliza kwa Kimvita changu, "Mbona mwateka?"

Binti akaitazama ndoo. "Maji tumeshateka, mwalimu."

Kwetu kuteka ni kucheka pia. Nyumba nzima ikavunjika mbavu, na mimi tonge likanikwama. Tena kwa Kiswahili, lugha ya mamangu!

"Mwacheni mwanangu," mama akasema, "kasema cha kwao."

Kesho yake nilimwita binti barazani, nikamwomba anisomeshe Kipemba: neno lake moja, langu moja la Kiingereza. Akikosea, nilingoja amalize. Juma la pili alinihesabia pishi za karafuu kwa Kiingereza, akichanganya kumi na tatu na thelathini. Nikanyamaza, nikaandika.