Si kila cha kijani majini ni mwani

MWANAFUNZI wangu mmoja hapa Nakuru aliandika katika insha kwamba ‘heroe hula miwani ya ziwani’. Nilicheka, nikakata neno ‘miwani’ kwa kalamu nyekundu na kuandika ‘miani’ juu yake. Miwani huvaliwa machoni. Miani ni wingi wa mwani. Nikadhani kazi imekwisha.

Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Kwale, aliiona insha hiyo mezani akatikisa kichwa. “Mwalimu, hata wewe hapo umenoa,” akasema. “Mwani ni wa bahari. Huku bara mwani mtautoa wapi?”

Nilitaka kubisha, lakini kadiri nilivyolitafakari swali lake ndivyo nilivyoona kwamba ana hoja.

Tuanze kwao Pwani. Kwa akina mama wanaolima mwani kule Kibuyuni, neno hili lina kitu cha kushikika: hufungwa kwenye kamba, hukua majini, huvunwa na kuanikwa. Zanzibar ilianza kilimo hicho mwaka wa 1989. Wataalamu huugawa mwani katika makundi matatu: wa kijani, wa hudhurungi na mwekundu. Ukiokota ufuoni kitu chembamba, laini, kinachofanana na jani la saladi, huenda ni ulva, mwani wa kijani. Ukiona vifuko vidogo vya hewa kama shanga, huenda ni sagasamu, wa hudhurungi. Lakini rangi hudanganya. Mwani unaolimwa Kibuyuni na Zanzibar ni wa kundi jekundu, ilhali ukiwa hai unaweza kuonekana wa kijani au wa hudhurungi.

Kuna mtego mwingine. Wavuvi wengi huita mwani hata zile nyasi ndefu zinazofunika sakafu ya bahari kwenye maji mafupi. Zile si mwani. Ng’oa moja uitazame: ina mizizi ya kweli, tena huchanua maua na kutoa mbegu. Mwani hauna ua wala mzizi. Una kishikizo tu cha kuung’ang’aniza kwenye mwamba. Jina ‘nyasi bahari’ lipo, na lastahili kutumika.

Sasa tupande hadi Nakuru. Chota maji ya ziwa letu uyatie kwenye gilasi. Huoni jani wala shina. Unaona maji ya kijani tu. Yaweke chini ya hadubini ndipo utakapoona nyuzi zilizojizungusha kama springi. Huyo ndiye Arthrospira fusiformis, ambaye madukani huuzwa kwa jina la spirulina. Hupenda maji yenye magadi, na ndiye chakula kikuu cha heroe wadogo, wale ambao wengi wetu huwaita flamingo tu. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Maji ya ziwa yalipoanza kupanda miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, chakula kikapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria.

Mwenzangu angefurahi kusikia kwamba kiumbe huyu si mwani hata kisayansi. Ni bakteria. Seli yake haina kiini, ilhali seli ya mwani inacho. Kinachotuchanganya ni kwamba wote wawili hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula.

Huenda msomaji akasema, “Sasa hayo yanatuhusu nini? Si ni majina tu?” Yanatuhusu sana. Bakteria hawa wa kijani-samawati ni jamii kubwa, na baadhi yao wana sumu. Katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, wapo wanaoitwa Microcystis, ambao hutanda juu ya maji kama rangi ya kupaka ukuta iliyomwagika. Sumu yao hushambulia ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mama wa Kisumu akiambiwa kwamba ziwani kuna ‘mwani’ atafikiri ni majani: atayachuja, atachemsha maji, awape watoto. Kuchemsha ndiko alikofunzwa tangu utotoni, na hapa hakumfai. Tangazo lililoandikwa kwa neno lisilofaa halijamwonya.

Vitabu vyetu vimejaribu kuitumia ‘miani’ kama jina la jumla la vyote hivi. Nami niliifuata njia hiyo kwa kalamu yangu nyekundu. Tatizo ni kwamba wingi hauna budi kufuata maana ya umoja wake. Kama mwani ni ule wa kuanikwa Kibuyuni, basi miani ni ile ile ikiwa mingi. Wapo watakaopendekeza tuite vile vidogo ‘vimwani’, lakini umoja wake utakuwa ‘kimwani’, na Kimwani tayari ni lugha ya watu wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji.

Rai yangu ni hii. Tuwaachie Wapwani ‘mwani’ wao, ngeli ya U-I, kwa ule wa baharini unaoonekana kwa macho. Zenye mizizi na maua tuziite ‘nyasi bahari’. Hawa wa Nakuru na Winam tuwaite ‘bakteria wa kijani-samawati’, au ‘sayanobakteria’ kwa anayetaka neno moja. Kisha wenye kuandika matangazo ya afya waongeze sentensi moja: maji yakitanda utando wa kijani usiyachote, usinyweshe mifugo, na usidhani moto utakuokoa.

Insha ile nimeirudisha kwa mwenyewe. ‘Miwani’ imebaki kosa. Lakini chini yake nimekata pia lile neno nililoandika mimi.