Bango la Ikweta lauza kuliko maporomoko

Wachuuzi wa bidhaa za watalii kati ya Nairobi na Nanyuki wana mali nzuri, lakini wengi wao huuza kitu kile kile, mahali pale pale, kwa mgeni yule yule. Matokeo yake ni kwamba msafiri wa mwisho wa wiki hurudi nyumbani na sehemu ya fedha alizokusudia kutumia zikiwa bado mfukoni. Hayo yalijitokeza wazi katika safari ya siku 2 ambayo mwandishi huyu aliifanya pamoja na marafiki 4, kwa gari la kukodi, kupitia Mai Mahiu, Nyahururu na Nanyuki.

Tuanze na hesabu. Mafuta na kodi ya gari vilimeza sehemu kubwa ya mchango wetu, vikifuatiwa na malazi, kisha nyama choma. Vivutio vyenyewe, ambavyo ndivyo vilivyotutoa nyumbani, havikufikia gharama ya chakula cha mchana cha Jumamosi hata viingilio vyote vilipojumlishwa. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika utalii wa wenyeji afahamu kwamba fedha haziko langoni.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukingo wa Bonde la Ufa. Mandhari ni ya bure na ni mazuri kweli, lakini mtu huyamaliza kwa dakika 5. Vibanda vimepangwa bega kwa bega vikiwa na ngozi za kondoo, kofia za manyoya, vinyago na shuka. Tuliuliza bei ya kofia katika vibanda 3. Kufikia cha tatu ilikuwa imeshuka karibu nusu, nasi hatujatamka neno la kubembeleza, kwa kuwa kila muuzaji alikuwa akimsikia mwenzake. Hatukununua. Mnunuzi akiona bei inaporomoka hivyo huingiwa na shaka juu ya bidhaa yenyewe.

Chini ya ukingo lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita Waitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Ni dogo kiasi kwamba abiria wa matatu moja wanatosha kulijaza. Historia yake ni nzito, ila siku hiyo hatukukuta mtu wa kutusimulia, wala hata kadi ya picha ya kununua. Tulinunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara tukaendelea.

Huko Nyahururu, Maporomoko ya Thomson yana urefu wa meta 74, katika mto Ewaso Narok. Jina ni la Joseph Thomson, Mskoti aliyefika hapo mwaka 1883. Ilikuwa kiangazi na maji yalikuwa yamepungua. Mwenzetu mmoja, mhasibu kwa kazi yake, alisema amelipia kutazama bomba lililopasuka. Msimu wa mvua asingesema hivyo. Maporomoko tuliyatazama kwa robo saa. Nusu saa nzima ilikwenda kwa vijana wenye vinyonga na wazee waliovalia mavazi ya jadi ya Wakikuyu, ambao hulipwa kwa kupigwa picha pamoja na wageni. Hapo ndipo mikono ilipoanza kuingia mifukoni.

Lakini soko lenyewe lilikuwa Nanyuki. Kwa macho, Ikweta ni bango tu kando ya barabara, lenye maandishi kwamba hapo ni futi 6,389 juu ya usawa wa bahari. Hakuna kivutio duni kuliko hicho katika njia nzima, na hakuna mahali tulipotumia fedha kwa moyo mweupe zaidi. Sababu ni kijana mwenye jagi, beseni lenye tundu na kijiti. Humpeleka mgeni hatua 20 kaskazini, akamimina maji, kijiti kikazunguka upande mmoja. Hatua 20 kusini, kikazunguka upande wa pili. Kwenye mstari wenyewe, maji hushuka wima. Kisha hutolewa cheti chenye jina la mgeni, kwa bei ya mapatano.

Ni lazima isemwe kwamba maji yale hayathibitishi lolote. Nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, iitwayo nguvu ya Coriolis, huzungusha vimbunga, lakini karibu hivyo na Ikweta ni kama haipo. Hata mbali na Ikweta kuiona si rahisi. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia beseni lenye upana wa futi 6, akaacha maji yatulie saa 24 ndipo yakazunguka kinyume cha mikono ya saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, walipata mzunguko wa upande wa pili. Pale Nanyuki kinachoamua ni mkono wa mmiminaji.

Je, ni utapeli? Cheti hakisemi uongo: mgeni amevuka Ikweta kweli. Maji ndiyo yanayodanganya, na siku watoto wa shule watakapokuja na mwalimu wa fizikia, biashara iliyojengwa juu ya beseni itatikisika. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kijana yule ana kipaji cha kuuza lakini amechagua bidhaa isiyokuwa na akiba, ilhali ya kweli anayo juu ya kichwa chake. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, mnamo saa 6:30 mchana, jua husimama utosini, na nguzo iliyosimikwa wima haiachi kivuli pembeni. Hilo halihitaji ujanja. Siku 2 kwa mwaka ni chache, ndiyo, lakini zinajulikana mapema, na wenye mabasi ya safari wanaweza kuuziwa miezi kabla.

Jambo jingine ni saa za kazi. Mlima Kenya, wenye kilele cha meta 5,199, ulikuwa wazi kabisa tulipoamka saa 12 asubuhi; saa 4 ulikuwa umezama mawinguni. Vibanda vilianza kufunguliwa saa 3. Kwa saa 3 nzima tulisimama barabarani, watu 5 wenye baridi na kamera, fedha mkononi, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kutuuzia kikombe cha chai na mandazi.